Tenisi ya wanawake: Tuandikieni kikosi kizima

Mhariri,

Nimelisoma gazeti lenu tangu nianze kazi ya ualimu, na huwa naanzia kurasa za michezo. Leo naomba nafasi niseme neno kuhusu Kombe la Billie Jean King, mashindano ambayo timu za tenisi za wanawake huchezea nchi zao. Sisemi kwamba hamyaandiki. Mnayaandika, ila mnayaandika kana kwamba ni mashindano ya mtu mmoja.

Juni 2023 Nairobi iliandaa mechi za kundi la tatu la Afrika. Wakati huo nilikuwa bado sijastaafu, nikifundisha Gredi ya Sita hapa Kawangware. Nilikuwa na wasichana 11 niliowafunza tenisi kila Ijumaa baada ya masomo. Uwanja hatukuwa nao. Tulichora mistari kwa majivu, tukafunga kamba ya katani kwenye nguzo za voliboli, na raketi zetu zilikuwa vibao alivyotuchongea fundi seremala wa jirani. Mipira tu ndiyo iliyokuwa ya tenisi kwelikweli, mikuukuu, imenyonyoka manyoya, tuliletewa na mzazi mmoja. Mwalimu mkuu akatupa ruhusa ya siku moja. Nauli nikalipa mwenyewe, tukapanda matatu.

Nilikuwa nimewaonya njiani kwamba tenisi hutazamwa kimya. Walikaa kama wako msikitini. Kisha mwamuzi akatangaza pointi, na mmoja wao, mdogo kuliko wote, akanivuta mkono wa sweta: "Mwalimu, mbona hamwiti jina lake? Anasema Kenya."

Nilifurahi kuulizwa swali lile kuliko kitu kingine chochote siku hiyo. Katika mashindano mengine mwamuzi hutaja jina la mchezaji. Katika haya ya nchi na nchi, hutaja nchi. Msichana akishinda gemu, gemu ni ya Kenya. Na kuna kiti pale kando ya uwanja anapokaa nahodha wa timu, ambaye si lazima awe mchezaji. Kila wanapobadilisha upande, mchezaji huketi, anapewa maji, anaambiwa jambo. Wenzake nao wako nyuma yao wakimshangilia. Watoto wangu waliona yote hayo. Waliporudi shuleni, Ijumaa iliyofuata wakaweka kiti cha nahodha kando ya mistari yetu ya majivu, wakawa wanapokezana kukikalia.

Asubuhi baada ya mechi zile nilinunua gazeti ili tukate habari ile tuibandike ukutani darasani. Nilikuta sentensi tatu na jina la mchezaji mmoja. Aliyecheza mechi nyingine ni nani? Wawili waliocheza pamoja ni akina nani? Nahodha je? Matokeo ya kila seti? Wasichana wangu walikuwa wamewaona watu hao kwa macho yao, na gazeti likaandika kana kwamba watu hao hawakuwepo.

Mhariri, mchezo wenyewe haukubali kuandikwa hivyo. Pambano moja kati ya nchi mbili lina mechi tatu: mbili za mchezaji mmoja mmoja, na moja ya wawili wawili. Nyota hata awe mkali vipi, mechi anayoweza kushinda peke yake ni moja tu. Inayobaki ni ya mwenzake, na ya mwisho anahitaji mtu ubavuni.

Haya yalionekana tangu siku za kwanza. Mashindano yalianza London mwaka 1963, katika viwanja vya Queen's Club, yakiwa na nchi 16. Fainali ilikuwa Marekani na Australia. Australia walikuwa na Margaret Smith, na alishinda mechi yake bila taabu. Lakini Billie Jean Moffitt, msichana wa miaka 19 ambaye baadaye tulimjua kama Billie Jean King, akamshinda Lesley Turner. Ikawa sare, 1-1. Mechi ya wawili wawili Billie Jean na Darlene Hard wakapoteza seti ya kwanza 3-6, wakang'ang'ana ya pili hadi 13-11, wakamaliza ya tatu 6-3. Kombe likaenda Marekani. Wiki chache baadaye Smith huyohuyo akamfunga Billie Jean katika fainali ya Wimbledon. Smith alikuwa bora kuliko Billie Jean, lakini kombe la nchi hakulipata.

Juzijuzi tu, mwaka 2024 kule Málaga, Poland walikuwa na nyota wao, Iga Świątek. Alishinda mechi yake ya nusu fainali dhidi ya Italia. Lakini Lucia Bronzetti alikuwa ameshaipa Italia mechi ya kwanza, na Jasmine Paolini na Sara Errani wakamalizia ya wawili wawili, 7-5, 7-5. Italia wakasonga, wakatwaa kombe. Errani alikuwa na miaka 37.

Hata Angella Okutoyi wetu, ambaye kila mtoto wa tenisi nchini anamjua, taji lake la Wimbledon la wasichana mwaka 2022 alilipata na mwenzake, Rose Marie Nijkamp wa Uholanzi. Wangapi kati ya wasomaji wenu wanamjua Nijkamp?

Voliboli hamuiandiki hivi. Malkia Strikers wakicheza, tunaambiwa nani alipiga na nani alimtengea mpira. Tenisi nayo inastahili hayo.

Kwa wanaoniuliza kwa nini jambo dogo kama majina linanikera, nawakumbusha 1972. Mashindano yalichezewa Johannesburg, na Afrika Kusini wakayashinda. Hadi leo ndiyo nchi pekee ya Afrika iliyowahi kulichukua kombe hili. Kila gemu mwamuzi alitaja jina la nchi ambayo sheria zake za ubaguzi wa rangi ziliwafungia milango wasichana weusi. Niliwasimulia darasani, wakanyamaza sana. Jina la nchi likitajwa uwanjani, tunataka kujua limebebwa na nani.

Ombi langu si kubwa. Kila pambano la timu yetu, chapisheni matokeo ya mechi zote tatu, majina ya wote waliocheza, na la nahodha. Mkipata nafasi, ongezeni kila mmoja anatoka wapi na alianzia wapi kucheza. Na ikitokea tena mechi zikaja nchini, tuambieni siku kumi kabla, pamoja na saa na lango la kuingilia. Nilistaafu, lakini bado naenda shuleni kila Ijumaa, na sasa wasichana ni 19. Nauli yao huchukua muda kuichanga.

Mwalimu mstaafu,
Kawangware, Nairobi