Hewa haina miadi nyuma ya bawa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nijadili maelezo ya jinsi ndege inavyopaa, yaliyochapishwa katika ukurasa wa sayansi wa gazeti hili, ambayo kwa bahati mbaya yanarudiwa pia katika vitabu vingi vya shule duniani. Maelezo hayo yanasema kwamba bawa limebinuka upande wa juu, kwa hiyo hewa inayopita juu ina safari ndefu kuliko inayopita chini. Kwamba hewa iliyogawanyika kwenye ukingo wa mbele lazima ikutane tena kwenye ukingo wa nyuma kwa wakati mmoja. Na kwamba kwa sababu hiyo hewa ya juu hukimbia zaidi, mgandamizo wake hupungua, na bawa likanyanyuka. Mwisho wa maelezo una ukweli, kwani hewa ya juu kweli huwa na kasi kubwa zaidi na mgandamizo mdogo zaidi. Kilicho batili ni hoja ya katikati, yaani hiyo miadi ya kukutana.

Hakuna kanuni ya fizikia inayoilazimisha hewa iliyotengana kuungana tena na jirani yake wa awali. Holger Babinsky wa Chuo Kikuu cha Cambridge alipiga picha za moshi uliotolewa kwa vipindi ukipita kwenye bawa, na picha hizo zinaonyesha kwamba moshi wa juu huwahi kufika ukingo wa nyuma, ukauacha wa chini ukiwa bado njiani. Hewa ya juu basi ina kasi kubwa kuliko hata ile ambayo hoja ya miadi ingeihitaji.

Hesabu nayo inakataa. Chukua ndege aina ya Boeing 747-400, ambayo uzito wake wa juu kabisa wa kuruka ni karibu tani 397 na eneo la mabawa yake ni kama mita za mraba 525. Tuseme, kwa ukarimu, kwamba njia ya juu ya bawa ni ndefu kuliko ya chini kwa asilimia 5, na ndege inakimbia mita 80 kwa sekunde kwenye njia ya kurukia. Kwa hoja ya miadi, tofauti ya mgandamizo itakayopatikana inaweza kubeba tani zisizofika 22. Tani nyingine 375 zitabaki chini. Wala sijataja ndege za maonyesho zinazoruka zikiwa zimepinduliwa, au zile zenye mabawa ambayo mbinuko wake wa juu na wa chini ni sawasawa, ambazo zote kwa hoja hii zisingepaswa kuwapo angani.

Maelezo sahihi yanaanzia kwenye jambo ambalo michoro mingi hulisahau, nalo ni kwamba bawa huisukuma hewa kwenda chini. Bawa likiinuliwa kidogo ukingo wake wa mbele dhidi ya upepo, au likiwa limepindwa, mkondo wa hewa hufuata umbo lake na kuondoka kwenye ukingo wa nyuma ukielekea chini kuliko ulivyokuja. Kwa kanuni ya tatu ya Newton, bawa linaloisukuma hewa chini husukumwa na hewa hiyo kwenda juu. Aliyewahi kusimama karibu na helikopta inayonyanyuka anaujua upepo huo wa chini, kwa kuwa panga zake si kitu kingine ila mabawa yanayozunguka.

Mgandamizo nao hauko nje ya habari hii. Hewa haiwezi kupinda njia yake bila kusukumwa, na mkondo unapopinda, mgandamizo upande wa ndani wa pindo lazima uwe mdogo kuliko upande wa nje. Hewa inapoteremka juu ya mgongo wa bawa, upande wa ndani wa pindo ndio ule unaogusa bawa, na hapo mgandamizo hushuka. Hewa inayotoka mbele, penye mgandamizo mkubwa, ikielekea hapo penye mdogo, huongezewa kasi. Kwa hiyo mwanahisabati Daniel Bernoulli, ambaye kitabu chake kilitoka 1738, miaka 165 kabla ya ndege ya ndugu Wright, hakukosea alipohusisha kasi na mgandamizo. Ni sisi tuliomtwisha hoja ya safari ndefu ambayo si yake.

Kwa sababu hiyo hiyo naomba tuache kulitumia jaribio la karatasi kama ushahidi. Mwalimu hushika karatasi mdomoni, akapuliza juu yake, ikanyanyuka, kisha darasa likaambiwa kwamba hewa yenye kasi daima ina mgandamizo mdogo. Karatasi hiyo hiyo ikining'inizwa wima na kupulizwa upande mmoja, haivutwi kuelekea upande unaopulizwa. Ile ya kwanza ilinyanyuka kwa kuwa ilikuwa imepinda na pumzi ikalifuata pindo lake.

Huenda msomaji akauliza kuna hasara gani, maadamu ndege zinaruka. Hasara ni kwamba hoja ya miadi haiwezi kueleza jambo ambalo kila rubani hufundishwa mapema. Bawa likiendelea kuinuliwa dhidi ya upepo, nguvu ya kunyanyua huongezeka, lakini kwa mabawa mengi, pembe kati ya bawa na upepo ikikaribia nyuzi 15, mkondo wa juu hubanduka kwenye mgongo wa bawa na kuvurugika. Nguvu ya kunyanyua hupungua na ukinzani wa hewa hupanda. Urefu wa mgongo wa bawa haukubadilika hata kidogo, ila hewa imeacha kulifuata umbo. Chanzo cha kubanduka huko kiko katika ule utando mwembamba wa hewa iliyopunguzwa kasi na mnato karibu kabisa na bawa, ambao mwanafizikia Ludwig Prandtl aliueleza mwaka 1904. Rubani aliyefikwa na hali hiyo huishusha pua ya ndege ili mkondo ushike tena, ingawa silika humtaka aiinue, na mwanafunzi aliyekaririshwa habari ya safari ndefu hana njia ya kuelewa kwa nini.

Ombi langu, Mhariri, ni dogo. Mchoro wa bawa utakapochapishwa tena, mistari ya hewa nyuma yake ichorwe ikielekea chini, badala ya kurudi sambamba kana kwamba hakuna kilichopita, na sentensi ya hewa kukutana kwa wakati mmoja iondolewe.

Wako,
Mwalimu mstaafu wa fizikia