Barua kwa Mwanangu: Usishuke Ono

Mwanangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Ujumbe wako tumeupata, na tumefurahi kusikia kwamba kazi inaendelea vizuri huko Dodoma na kwamba usharika umekupokea kama binti wa nyumbani. Kuna jambo moja, ulilolitaja kama kwa kupita tu, ambalo limenikaa moyoni: kwamba shughuli za kanisani zimekuwa nyingi hata muda wa kusali peke yako huupati. Nimeona nikujibu kwa maandishi, maana kwenye simu tungeishia kuulizana habari za mvua na bei ya mchele.

Naomba usome Nehemia sura ya 6, taratibu. Wahubiri wetu hupenda kuishangilia ile hesabu ya siku 52 ambazo ukuta wa Yerusalemu ulikamilika, lakini huyapita haraka mambo yaliyotangulia katika sura hiyohiyo, na mimi naona huko ndiko kwenye somo. Ukuta ulikuwa umeshaziba mahali palipobomoka, ila milango ya malango ilikuwa bado haijatiwa. Wakati huo ndipo Sanbalati na Geshemu, adui wa kazi ile, walipomwita Nehemia, aliyekuwa akiisimamia, wakutane katika kijiji kimoja cha bonde la Ono, upande wa Loda, mbali na mji. Mwaliko ulikuwa wa adabu, wala haukuwa na neno la matusi. Akawajibu kwamba anafanya kazi kubwa, hata asiweze kushuka. Wakamwita mara nne, naye akawajibu mara nne kwa namna ileile, bila kutafuta udhuru mpya. Anayetafuta udhuru mpya kila anapoitwa, mwanangu, tayari ameanza kwenda.

Liko jaribu lililokuja baadaye, nalo ndilo linalokuhusu zaidi. Shemaya, mtu aliyejifanya nabii, alimshauri wajifungie ndani ya hekalu kwa sababu adui wangekuja usiku kumwua. Ushauri ule ulivaa joho la ibada, na mahali palipotajwa palikuwa nyumba ya Mungu yenyewe. Lakini Nehemia, ambaye hakuwa kuhani na hivyo hakuruhusiwa kuingia humo, alitambua kwamba Mungu hakumtuma mtu yule, na kwamba Tobia, adui mwingine wa kazi ile, na Sanbalati walikuwa wamemwajiri. Kwa hiyo si kila kinachofanyika hekaluni kinatulinda na upotevu. Mazoezi ya kwaya Jumanne, kamati ya vijana Alhamisi, timu ya sifa Jumamosi, na vikundi vya WhatsApp visivyolala, kila kimoja ni chema. Ila vyote kwa pamoja vinaweza kukuondoa mbele za Bwana unayemwimbia. Martha naye alikuwa akimhudumia Yesu mwenyewe, na bado aliambiwa kwamba anasumbuka kwa ajili ya vitu vingi.

Sikwambii uache kwaya. Sauti uliyopewa ni ya kutumika, na mwalimu wenu atanilaumu, tena kwa haki. Ninachokuomba ni kidogo zaidi, na pengine kigumu zaidi. Kengele ya simu inapolia saa kumi na moja alfajiri, mkono unaoizima huteleza ukafungua ujumbe ulioingia usiku, na kabla hujakaa sawasawa kitandani umeshajibu watu watatu na kuudhiwa na wa nne. Simu ilale sebuleni. Kengele inunue ile ndogo ya betri inayouzwa sokoni. Kisha soma sura moja, usali kwa sauti hata kama ni sentensi chache, na majina ya wagonjwa uyaandike kwenye daftari, kwa sababu akili ya alfajiri hutangatanga. Siku utakayochelewa, usijaribu kulipa deni kwa maombi marefu ya usiku. Nehemia alipoona watu wanatishwa ili mikono yao ilegee, alisema neno fupi tu, kumwomba Mungu aitie nguvu mikono yake, na kazi ikaendelea.

Halafu uchague kikao kimoja cha kuacha, umwambie mwenyekiti kwa heshima, bila maelezo marefu. Atakuomba tena, pengine zaidi ya mara moja. Nawe jibu lilelile la kwanza litatosha. Utakaponiandikia, nitajie ni kikao kipi.

Mama yako anakusalimu sana.

Baba yako