Tovuti ya kanisa: tuanze na mgeni

Bwana asifiwe wapendwa. Jana nilimpa mama mmoja simu yangu nikamwambia atafute kwenye tovuti yetu ya majaribio ibada inaanza saa ngapi, nikakaa kimya namtazama tu. Akapita picha ya kwaya, akapita historia ya kanisa, akafika kwenye tangazo, kumbe muda tumeuandika ndani ya picha ya bango, akavuta ikuwe kubwa maandishi yakawa ukungu, akanirudishia simu. Iliniuma kweli.

Kwa hiyo naomba saa za ibada, ramani na namba ya ofisi vikae juu kabisa, tena viwe maandishi ya kawaida, maana asiyeona anasomewa na simu yake na programu hiyo haiwezi kusoma vizuri maandishi yaliyo ndani ya picha. Picha zipunguzwe ukubwa, bando za watu zinaisha. Na yale maandishi ya kijivu hapana jamani, kiwango cha WCAG, yaani mwongozo wa kimataifa wa kufanya tovuti zitumike na watu wote hata wenye ulemavu, kinataka utofauti wa mwangaza kati ya maandishi ya kawaida na rangi ya nyuma yake uwe angalau 4.5 kwa 1.

Kabla ya Jumapili kila mmoja akae na mtu mmoja hivyo hivyo, mgeni ikiwezekana, usimwelekeze, andika alipokwama ulete hapa.