YAH: KICHUJIO CHA AKUSTO-OPTIKI KILICHOLETWA NA TRANSDUSA TUSIYOIAGIZA

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Nakuandikia kwa heshima, ingawa iliyobaki ni kidogo. Masharti yenu ya dhamana mnayajua, sitayarudia.

Tuliagiza kichujio cha fuwele ya telurimu dioksidi, kinachochagua rangi moja ya mwanga kwa mawimbi ya sauti, chenye transdusa (kipande kinachotia sauti hiyo ndani ya fuwele) ya umbo la uru, lile la kwenye karata, na kwa umbo hilo mlitutoza zaidi. Mmetuletea mstatili. Nimeuona kwa kumulika tochi kwenye dirisha la kichujio, lakini grafu ilishasema kabla ya tochi: nilipopandisha masafa ya sauti polepole, kando ya kilele cha mwanga uliopita vilisimama vilima, cha kwanza kikifika karibu asilimia 5 ya kilele chenyewe. Mstatili huanza ghafla na kukoma ghafla, na ughafla huo ndio unaozaa vilima. Uru huanza kwa ncha, hupanuka, hurudi ncha. Kilima cha kwanza hushuka chini ya nusu ya asilimia 1. Kilele hunenepa kidogo, nalijua hilo, ndiyo maana tuliagiza transdusa ndefu zaidi. Leza yetu ya agoni ina mstari wa nanomita 488 na mwingine wa 496.5. Nauita wa kwanza, wa pili unapenya nao kupitia vilima hivyo. Vipimo vya wiki nzima tumevitupa.

Na mhandisi wenu, kwenye kikao cha video, mbele ya wanafunzi wangu wanne, akaniambia: “Mama, sauti inapita, mwanga unapinda, unataka nini tena?” Akacheka. Kabla ya hapo nilikuwa nimewatumia barua pepe tatu, hakuna iliyojibiwa.

Narudia, maana sidhani kama alikuripotia. Grafu ilikuwa kwenye skrini. Kile kilima hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angekionyesha kwa kidole. Hakuitazama. Alisema “unataka nini tena”, akacheka, akazima kamera nikiwa katikati ya sentensi. Wanafunzi wakainamisha vichwa. Aibu yangu ikawa yao.

Naomba transdusa sahihi ndani ya siku 14, usafirishaji kwa gharama yenu. Tena si hiyo tu: mhandisi huyo aombe radhi mbele ya wanafunzi wale wale, kamera ikiwa imewashwa. Siku ya 15 sitataka kichujio chenu tena. Nitataka fedha zote, na grafu hii itakuwa mezani kwa mwanasheria wa chuo.

Mkuu wa Maabara ya Mwanga