Jina la Ansari si shajara ya nasaba

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu ya barua ili nirekebishe kauli inayorudiwa mara kwa mara, kwamba kila mwenye jina la ukoo la Ansari asili yake ni Madina. Kauli hiyo inachanganya maana ya jina na nasaba ya mwenye jina.

Jina hilo ni nisba, yaani jina linalomhusisha mtu na mahali, kabila au kundi, na irabu yake ya mwisho ndiyo ile ile tuionayo katika Shirazi na Bukhari. Msingi wake ni neno la Kiarabu ansar, wasaidizi, ambalo mzizi wake tunautamka wenyewe kila tunapotaja nusura au kumwomba Mungu atunusuru. Walioitwa hivyo katika Uislamu ni watu wa makabila ya Ausi na Khazraji, waliompokea Mtume Muhammad (S.A.W.) alipohamia Madina mwaka 622. Makabila hayo yalikuwa yamepigana vita vikali miaka michache tu kabla ya hapo, na jina jipya likawakusanya kwa tendo walilolitenda, si kwa damu. (Wanasarufi nao wana lao: nisba ya Kiarabu kwa kawaida hujengwa juu ya umoja, lakini hii imejengwa juu ya wingi, kwa kuwa ansar limekwisha kuwa jina la kundi mahususi.)

Sikatai kwamba zipo koo zinazohesabu nasaba hadi Madina. Khwaja Abdullah Ansari wa Herat, mji ulioko Afghanistan ya leo, mwanazuoni wa karne ya 11, hutajwa kuwa wa kizazi cha Abu Ayyub al-Ansari, aliyemkaribisha Mtume nyumbani kwake. Lakini kaskazini mwa India, Waislamu wafumaji wa nguo, waliochoka kuitwa Julaha kwa dharau, walianza kujiita Ansari kati ya mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Wapo wanaowacheka kwa hilo. Mimi sioni la kucheka, kwani hata Ausi na Khazraji hawakuzaliwa na jina hilo.

Kwa hiyo naliomba gazeti lako, kabla ya kuandika kwamba familia fulani chimbuko lake ni Madina, liulize kwanza kama ipo shajara inayotaja baba na babu mmoja baada ya mwingine, na ni nani aliyeihifadhi.

Msomaji wako.