Sakramenti si kiapo cha askari peke yake

Ndugu Mhariri,

Kila linapoelezwa neno sakramenti, tunaambiwa kwamba neno la Kilatini sacramentum kilikuwa kiapo cha askari wa Kirumi, kisha Wakristo wakakichukua. Maelezo hayo yanaiacha mahakama na, kibaya zaidi, yanaiacha Biblia.

Mzizi ni sacrare, kuweka wakfu. Katika sheria ya kale ya Roma, sacramentum ilikuwa amana ya kesi: asi (sarafu ya Kirumi) 50 kwa kila upande ikiwa mali inayogombewa haikufika asi 1,000, na asi 500 ikifika au kuzidi. Aliyeshindwa alipoteza amana yake, nayo ikaingia hazina ya umma, si mfukoni mwa mshindi. Kesi ya kugombea uhuru wa mtu ilidai 50 tu, ili wanaomtetea wasielemewe.

Jeshini, mmoja alitamka kiapo kizima, wenzake wakapita mmoja mmoja kutamka kwamba nao wanaapa vivyo hivyo. Enzi za makaisari kiapo kilikuwa cha utii kwa Kaisari, na kilirudiwa kila mwaka. Tertullian, mwandishi Mkristo wa Carthage, Afrika Kaskazini, karibu mwaka 200, aliwakumbusha Wakristo waliofungwa kwamba waliitwa kwenye jeshi la Mungu aliye hai pale walipojibu maneno ya sacramentum katika ubatizo. Kwingine alikataa katakata kwamba kiapo cha Mungu na cha binadamu vinaweza kukaa pamoja.

Hadi hapo simulizi la kiapo ni sahihi. Lakini tafsiri za kwanza za Kilatini za Afrika Kaskazini ziliweka sacramentum penye neno la Kigiriki mysterion, yaani siri au fumbo. Ndipo Waefeso 5:32, inayozungumzia mume na mke, ikasomeka "sacramentum hoc magnum est". Biblia yetu ya Union inasema, "Siri hiyo ni kubwa." Kwa kiapo peke yake huwezi kuueleza mstari huo, wala ugomvi uliouzunguka: mwaka 1520 Martin Luther, mwanzilishi wa matengenezo ya Kiprotestanti, alidai kwamba haumpi mtu ruhusa ya kuita ndoa sakramenti, kwa kuwa Kigiriki kinataja siri tu. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, ukajibu mwaka 1547 kwa kuthibitisha sakramenti saba, ndoa ikiwemo.

Makatekista waanze na mstari huo, Kilatini na Kiswahili sambamba ubaoni. Kiapo cha askari kifuate watakapofika kwenye maswali na majibu ya ubatizo.

Msomaji wenu