Nyumba si mawe

Swahibu yangu Hamadi,

Salamu sana wewe na wa nyumbani. Barua yako imefika, na kicheko chako nimekisikia humo humo: mwanafalsafa mzima anakaa kuandika matumizi ya mali ya nyumbani na adabu za watoto wakati wa kula! Ngoja nikujibu.

Wazee wale wa falsafa ya Kiislamu waliigawa hekima mafungu mawili, ya kujua na ya kutenda. Ya kutenda, kwa mgawanyo wenye asili ya Kiyunani ambao mwanafalsafa na tabibu Ibn Sina aliushika, ni tatu: akhlaki, yaani maadili, ya mtu na nafsi yake, uendeshaji wa nyumba, na siasa ya mji. Farabi, mwanafalsafa aliyefariki mwaka 950, hakwenda hivyo. Katika kitabu chake Ihsa al-ulum aliiweka akhlaki ndani ya elimu ya mji, na fikihi (elimu ya sheria ya dini) na ilmu ’l-kalam (ya kuitetea imani kwa hoja) zikakaa jirani yake. Nyumba haikupata mlango wake.

Ndiyo maana nampenda Nasir al-Din al-Tusi, huyo mwanafalsafa uliyemcheka. Mnamo 1235, huko Quhistan, Uajemi, liwali wa Kiismaili alimtaka afasiri kwa Kiajemi kitabu cha Kiarabu cha akhlaki cha Miskawayh, mwanafalsafa aliyemtangulia. Akaona kukifasiri ni kukivua uzuri wake, tena hakina habari za nyumba wala mji. Akaandika chake, Akhlaq-i Nasiri, chenye yote matatu. Na nyumba, anasema, si ya udongo, mawe wala mbao. Hata hema ni nyumba. Nyumba ni namna walivyoungana mume na mke, mzazi na mwana, bwana na mtumishi, mali na mwenyewe. Mkuu wake ni mithili ya tabibu anayeangalia mwili mzima. (Aliyoyasema juu ya wake na watumishi, mengine siwezi kumtetea.)

Ibn Sina naye hakutulia na tatu zake. Katika kitabu chake Mantiq al-mashriqiyyin akaongeza ya nne, elimu ya kuweka sheria, kwa kuwa haifai nyumba iwe na mtunga sheria wake na mji uwe na wake. Hapo ndipo ninapotaka tubishane, maana wewe nyumbani kwako sheria unatunga kila Jumatatu.

Unakumbuka bibi akituambia tuubebe mtungi kwa siasa, yaani taratibu? Katika Kiarabu cha wazee hao pia, hata kuiongoza nafsi yako ni siasa.

Kuta zimefika wapi? Usipaue kabla sijaja.

Wako,
Seif